Kupiga picha silaha za kale Kalenga na Boma la Iringa: kioo kinang'aa, alama hazisomeki

Mwanakihesa

Kamwene wakuu.

Naandaa kijitabu cha picha cha somo la historia kwa shule za sekondari. Mada ni vita vya Wahehe na Wajerumani. Nahitaji picha za silaha zilizopo Makumbusho ya Mkwawa kule Kalenga, pamoja na zitakazopatikana makumbusho ya Boma hapa mjini: mikuki, ngao, marungu, magobore, bunduki za Kijerumani. Sitaki picha za matembezi. Nataka mwanafunzi akitazama aelewe kitu kimetengenezwaje, na mwalimu aweze kusoma alama zilizogongwa kwenye chuma.

Vifaa nilivyonavyo ni kamera yenye sensa ya APS-C, lenzi ya 18–55, stendi ya miguu mitatu na tochi ya LED. Flashi ipo, ila nadhani nitaiacha nyumbani.

Picha za majaribio zimenigomea sehemu tatu. Kwenye kabati la kioo naona dirisha na shati langu kuliko mkuki. Bunduki ikiingia yote kwenye fremu inapinda kama upinde. Na alama za kwenye chuma zinatoka kama doa. Je, inafaa kuomba kabati lifunguliwe? Likifunguliwa, nani anashika kitu, na anakishikaje?

MtunzaStoo

Karibu mkuu. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote.

Kuomba kabati lifunguliwe inafaa, lakini usiombe ukiwa umesimama mlangoni na kamera shingoni. Tiketi ya kuingia ni ruhusa ya kutazama. Hata pale mgeni anaporuhusiwa kupiga picha za kwake, kuchapisha kitabu ni jambo jingine. Nenda kwanza siku moja bila kamera, na daftari tu. Andika namba ya usajili ya kila kitu unachokitaka (mara nyingi imeandikwa kwa wino mdogo sana juu ya kitu chenyewe au kwenye kibandiko kilichofungwa kwa uzi), kisha muulize mhifadhi wa kituo barua yako iende kwa nani. Barua itaje namba hizo, picha zitatumika wapi, mtaingia watu wangapi, vifaa gani, saa ngapi mpaka saa ngapi, na kwamba nakala za picha zote utawaachia wao. Hilo la nakala usilisahau. Makumbusho mengi yana kumbukumbu za maandishi tu kwa vitu vingi, na picha nzuri yenye kipimo ni msaada mkubwa siku kitu kikipotea au kikianza kuharibika. Kama kazi yako ni utafiti rasmi wa chuo, utahitaji pia kibali cha utafiti, na hicho hutolewa na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Anayeshika kitu ni mtumishi wa makumbusho. Wewe shika kamera. Hata akikuambia "shika tu", mwombe yeye aweke, wewe mwelekeze. Ila ni vizuri ujue ushikaji sahihi ili usimwombe jambo la hatari.

Glovu ni za naitrili, zile za bluu za hospitali. Zile nyeupe za pamba watu wanazipenda kwenye picha, lakini kwenye mti laini na chuma kilichopakwa nta zinateleza, na nyuzi zake zinanasa kwenye vipasuko vya mpini. Jasho nalo lina chumvi: alama ya kidole kwenye chuma kitupu huonekana baada ya wiki chache kama kutu yenye mistari ya kidole kilekile, na haitoki bila kukwangua.

Mkuki unabebwa kwa mikono miwili iliyoachana, yote kwenye mti, kamwe si kwenye kigumba. Mti wa zamani umekauka na kunywea, kwa hiyo chuma kinaweza kuwa kimelegea ndani ya tundu lake bila kuonekana kwa macho. Ukiinua kwa ncha, mti unachomoka na kuanguka. Na kabla hujaugeuza, tazama juu: mkuki wa mita 2 na taa ya dari haviwezi kugeuka ndani ya chumba kimoja bila mtu wa pili kuangalia.

Ngao za ngozi, manyoya na podo hata mimi nazigusa kwa glovu, na nanawa baadaye. Makusanyo ya zamani duniani kote yalipigwa dawa za wadudu zenye arseniki, zebaki, baadaye DDT, na mabaki yake hayaishi. Ukiona unga mweupe kwenye mishono ya ngozi usiupulize. Mishale ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa sumu ya mti wa msunguti iliyokauka kwenye kigumba haipotezi nguvu kwa sababu tu imekaa miaka 80. Utomvu mweusi kama lami ulioviringishwa nyuma ya ncha ndio wenyewe. Piga picha kwa mbali, usiombe ncha igeuzwe mkononi.

Na gobore. Hili halina mjadala: kabla gobore halijalazwa mezani mbele ya lenzi, mwulize mhifadhi kama lilishakaguliwa kuwa halijashindiliwa. Baruti nyeusi ikikaa pakavu hudumu miongo mingi, na yapo magobore yaliyotundikwa ukutani yakiwa na shindilio ndani. Ukaguzi anaufanya mtumishi, siyo wewe, lakini ujue unavyofanyika. Anaingiza kijiti cha mti kilichonyooka (si chuma) taratibu ndani ya mtutu mpaka kigome, anaweka alama ya penseli usawa wa mdomo, anakitoa, kisha anakilaza nje ya mtutu toka mdomoni kwenda nyuma. Kikifika karibu na tundu la moto, tofauti ikiwa sentimita 1 au 2 hivi, mtutu ni mtupu. Kikiishia sentimita 5 au zaidi kabla ya hapo, kuna kitu ndani: baruti na risasi, au kiota cha nyigu, au kitambaa kilichoozea humo. Vyovyote vile kazi inasimama mpaka mtaalamu wa silaha aitwe. Mtu asisimame mbele ya mdomo muda wote huo, na uso usiwe juu yake.

Tena, nyundo isivutwe wala kifyatulio kisiguswe "ili picha ionekane vizuri". Meno ya mtambo wa zamani yameliwa, springi imechoka, na ikidondoka bila kuzuiwa huvunja chuchu inayovalishwa fataki (kile kikofia kidogo cha kuwashia baruti). Ukihitaji picha ya nyundo ikiwa juu, chora mchoro.

Lenzi_ya_Uyole

MtunzaStoo kamaliza upande wake, mimi naingia kwenye kamera.

Kioo. Watu watakuambia nunua filta ya polaraizi. Ni nzuri, lakini inakata mng'ao wa kioo pale tu unapopiga kwa mshazari, lenzi ikiwa kwenye pembe ya nyuzi 30 hadi 35 hivi toka usoni mwa kioo. Ukisimama mbele moja kwa moja haikusaidii chochote, na picha ya mshazari inapotosha urefu wa mkuki. Kwa picha ya mbele, dawa ni kitambaa cheusi kisichong'aa, mita 1.5 kwa 2, kilichotobolewa tundu la lenzi katikati. Watu wawili wanakishika nyuma yako, lenzi inachungulia tundu. Kioo kinaakisi kilicho mbele yake. Ukiweka weusi mbele yake, kinaakisi weusi. Vaa nguo nyeusi, funika na maandishi meupe ya kwenye kamera kwa gundi ya karatasi nyeusi. Omba taa iliyo nyuma yako izimwe na iliyo ndani ya kabati ibaki.

Kama kitu kiko karibu na kioo, pata kofia ya mpira ya lenzi na uigusishe kioo taratibu. Hakuna mng'ao utakaoingia. Futa kioo kwanza kwa kitambaa kikavu, upande wa nje, baada ya kuomba.

Mwanga. Kwa manyoya na ngozi yenye rangi, makumbusho hulenga luksi (kipimo cha mwanga) 50, kwa mti na pembe hadi 200. Sasa piga hesabu. Kwa ISO 100 na f/8, luksi 50 zinataka sekunde 3 hivi, luksi 200 zinataka kama sekunde 1 kasoro kidogo. Ndiyo maana stendi ni lazima na mkono hauwezi. Tumia saa ya kuchelewesha ya sekunde 2, zima kitulizaji cha mtikisiko cha lenzi ikiwa kwenye stendi, na kila mtu asimame tuli, hasa sakafu ikiwa ya mbao. Mwenzako akihamisha mguu, picha inatikisika na hutaona mpaka ufike nyumbani. Kwa hiyo baada ya kila picha kuza kwenye kioo cha kamera, angalia ncha zote mbili za kitu.

Flashi iache kweli. Uharibifu wa flashi moja kwenye chuma ni mdogo mno, lakini masharti ni ya kufuatwa, na zaidi ya hapo flashi ya mbele inaua umbo: upanga unakuwa kipande cheupe kisicho na makali wala mgongo.

Bunduki kupinda. Umepiga kwa 18 mm ukiwa karibu. Rudi nyuma mita 3, weka lenzi 35 mm. Kwa sensa yako fremu inachukua karibu mita 2 kwa upana, na bunduki ya mita 1.35 inaingia ikiwa na nafasi pande zote. Usiipige toka juu ya ngazi ikiwa imelazwa; iwekwe wima kwa ubavu juu ya vihimili viwili vyenye mkato wa V, kimoja chini ya mti wa mbele, kingine karibu na shingo ya kitako, kana kwamba inalengwa. Kamera iwe kwenye kimo kilekile cha mtutu na katikati ya urefu wake. Ukiinua kamera sentimita 20 tu, mdomo na kitako vinaonekana kama viko ngazi tofauti.

Vihimili vya sponji vinatosha kwa saa moja, ila vifunikwe kitambaa cheupe cha pamba. Kitambaa kipya kina wanga, kifue mara mbili bila manukato. Nyuma ya kitu weka kitambaa cha kijivu. Nyeupe kabisa hudanganya mita ya kamera na chuma kinatoka cheusi tititi.

Mwanga mmoja laini toka juu kushoto, nyuzi 45, uliochujwa kwa karatasi ya kalki. Upande wa pili simamisha karatasi nyeupe ya manila kurudisha mwanga kwenye kivuli. Kwa upanga, sime na kigumba kuna jambo moja la kushika: chuma kilichosuguliwa kinaonyesha kilicho mbele yake. Ukikiwekea manila nyeupe kinakuwa cheupe, ukiweka ukanda mwembamba mweusi pembeni mwa manila ile, ukingo wa makali unachoreka kama kwa penseli. Sogeza ukanda huku ukichungulia mpaka mgongo wa kigumba utokee. Hapo ndipo mwanafunzi ataona kwamba jani la mkuki halikuwa bapa, lina uti katikati uliofuliwa makusudi ili usipinde.

Alama. Zima taa zote za juu. Kamera iwe juu ya alama, sambamba na uso wa chuma, halafu tochi iwake toka pembeni, chini kabisa, nyuzi 10 hadi 15. Bila kusogeza kamera piga nne: tochi kushoto, kulia, juu, chini. Herufi iliyoliwa na kutu kwenye picha ya kwanza inasomeka kwenye ya tatu. Hii ndiyo hatua ambayo nisingeikatia muda hata siku ikiwa fupi. Picha ya bunduki nzima wengi wanazo. Picha ya alama yake inayosomeka hawana.

Kila kitu kianze na picha ya karatasi yenye namba yake ya usajili. Kila mkao uwe na rula ya sentimita iliyolazwa kimo kimoja na kitu, si mezani chini yake. Kadi ya kijivu mara moja kwa kila badiliko la taa. Hifadhi faili ghafi za RAW pamoja na JPEG. Na usipange vitu 40 kwa siku. Kitu kimoja kikamilifu ni dakika 20 hadi 30.

Fundi_Mtambo

Nyongeza upande wa silaha zenyewe, ili ujue lenzi ielekee wapi.

Kwa bunduki yoyote piga ubavu wa kushoto, wa kulia, juu ya mtambo, mdomo wa mtutu ukiwa na rula, kitako toka nyuma, halafu kila alama na kila namba hata kwenye skrubu. Namba za sehemu zikilingana, bunduki haijachanganywa vipande. Zikitofautiana, iliwahi kutengenezwa, na hiyo pia ni historia.

Bunduki za Kijerumani za wakati ule zinasomeka upande wa kushoto nyuma ya mtutu. Ukiona "I.G. Mod. 71" kwa herufi za Kijerumani cha zamani, hiyo ni Mauser ya mwaka 1871, milimita 11, baruti nyeusi, risasi moja moja. Haina hazina ya risasi, wala kidude cha kurusha ganda: askari alivuta bolti kisha akaiinamisha bunduki ganda lidondoke. Piga picha bolti ikiwa wazi kama mhifadhi atakubali kuifungua mwenyewe. Humo ndimo mwanafunzi ataelewa kwa nini watu wenye mikuki waliofika karibu ghafla walikuwa na nafasi. Ikiandikwa "71/84", chini ya mtutu kuna bomba la kubeba risasi 8. Mauser 98 ni ya milimita 7.92, risasi 5.

Hii ni muhimu kwa maelezo utakayoandika chini ya picha. Vita vya Lugalo, alipouawa Zelewski, kamanda wa kikosi cha Wajerumani, vilikuwa tarehe 17 Agosti 1891. Mauser 98 ilipokelewa jeshini Ujerumani mwaka 1898, mwaka uleule Mkwawa alipojiua kule Mlambalasi, tarehe 19 Julai. Kwa hiyo Mauser 98 haiwezi kuwa ya Lugalo hata mtu akiapa. Lakini kinyume chake usiseme pia: Mauser 71 haithibitishi Lugalo, kwa sababu askari wengi wa Kijerumani huku kwetu walikuwa bado wanaibeba vita vya 1914 vilipoanza. Moshi wa baruti yake uliwaonyesha walipojificha. Eneo hili vita vile vililipita pia, Waingereza waliingia Iringa Agosti 1916, hivyo silaha iliyookotwa shambani inaweza kuwa ya vita vyovyote kati ya viwili hivyo. Andika unachokiona, na asili yake iandike kama ilivyo kwenye daftari la makumbusho.

Magobore yana mtego wake. Mtu anaona gumegume, ile ya jiwe la cheche, anasema hii ni ya zamani kuliko ya fataki. Siyo lazima. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia kuingiza Afrika bunduki za kisasa na zile za fataki, ukaacha mlango kwa gumegume zenye mtutu laini. Matokeo yake viwanda vya Ulaya viliendelea kuunda gumegume za biashara wakati kwao wenyewe zilikuwa zimeshasahauliwa. Tafuta alama ya yai lenye herufi ELG ndani: ni muhuri wa majaribio wa Liège, Ubelgiji. Yai likiwa na taji juu yake, mtutu ulipigwa muhuri kuanzia 1893. Lisipo na taji, ni kabla ya hapo. Taji lenyewe ni dogo kuliko punje ya mchele, ndiyo maana ile tochi ya nyuzi 10 ya mkuu Lenzi ni ya lazima.

Angalia na bamba la mtambo. Kama kuna matundu ya skrubu yaliyozibwa mahali kisahani cha baruti kingekaa, hilo ni gumegume lililogeuzwa kuwa la fataki. Piga karibu kabisa. Angalia kitako: waya wa shaba uliozungushwa, ngozi mbichi iliyokaushia juu ya ufa, msumari wa kienyeji. Matengenezo hayo yamefanywa na mafundi wetu, na mimi nayathamini kuliko muhuri wa kiwandani. Ngozi ile hushonwa ikiwa mbichi, ikikauka inabana kuliko bano la chuma.

Mikuki: piga pale chuma kinapokutana na mti. Kuna mikuki yenye tundu ambalo mti unaingia ndani yake, na kuna yenye mkia unaochomekwa ndani ya mti kisha kufungwa. Piga na chuma cha kitako cha mkuki, wengi wanakisahau. Kwenye jani tafuta mistari myembamba inayokwenda na urefu, kama nyuzi za mti. Chuma kilichoyeyushwa kienyeji na kukunjwa chini ya nyundo huionyesha. Chuma cha kuletwa mara nyingi ni laini sawasawa. Nyanda za juu kusini hazikungoja chuma cha meli, Wafipa na Wakinga walisifika kwa ufuaji. Mwanafunzi wa Makete anastahili kuona mistari ile.

Binti_Mafinga

Naomba kuchangia. Alama zikigoma kusomeka, wengine hupaka chaki nyeupe halafu wanafuta juu, herufi zinabaki nyeupe. Au mafuta kidogo ya mashine, chuma kinakolea. Je, si rahisi kuliko tochi?

MtunzaStoo

Dada, usithubutu, na nashukuru umeuliza hapa kabla mtu hajafanya.

Unga wa chaki unaingia kwenye vishimo vya kutu na hautoki wote. Unanyonya unyevu, na unyevu juu ya chuma ni kutu mpya chini ya unga uleule. Pia chaki ikisuguliwa juu ya shaba nyeupe au nyekundu inaikwaruza. Mafuta nayo yanashika vumbi, yanaingia kwenye mti na kuuacha mweusi milele, na yanafuta kile mtafiti wa kesho angekipima: mabaki ya baruti, moshi, mafuta ya asili, hata damu. Vivyo hivyo kwa kuweka karatasi juu ya alama na kuisugua kwa penseli. Mwanga peke yake ndio usiogusa.

Na ukiona uchafu, usisafishe. Kutu ya kahawia nyeusi iliyotulia iache. Kutu ya rangi ya chungwa inayopukutika, au yenye vitone kama jasho, mwonyeshe mhifadhi na upige picha yake, maana hiyo inaendelea kula. Hali kadhalika ule utomvu wa kijani kama nta unaotokea msumari wa shaba unapogusa ngozi: ni mafuta ya ngozi yanapambana na shaba. Piga picha, taja tarehe, basi.

Mwanakihesa

Nimeelewa sana, asanteni wakuu, na Binti_Mafinga swali lako limenikinga na kosa, chaki nilikuwa nimeshaiweka kwenye begi.

Mawili yamebaki. Wanafunzi watakaoandamana nami wana simu tu, wafanye nini? Na Kalenga lipo fuvu la Chifu Mkwawa. Mnashaurije?

Lenzi_ya_Uyole

Simu inafaa kwa kazi ya karibu. Wasitumie lenzi pana ile ya 0.5, inanenepesha mdomo wa bunduki. Watumie 2x kama ipo, wasimame mbali kidogo. Waguse kitu kwenye kioo cha simu na kubonyeza mpaka fokasi ijifunge, kisha wavute mwangaza chini kidogo, kwa kuwa simu hupenda kuunguza chuma kinachong'aa. Kwenye kabati walaze simu ibane kioo kabisa, na kidole kizibe mwanga pembeni. Taa za kabati zikichora mistari myeusi kwenye picha, ni mapigo ya umeme wa 50 Hz. Wachague shata ya 1/50 au 1/100 kama programu ya simu inaruhusu. Kujipiga selfi na silaha wasijipige, mtu akirudi kinyumenyume anasukuma kabati.

MtunzaStoo

Kuhusu fuvu: hilo si silaha wala si kifaa, ni mtu. Lilipelekwa Ujerumani, likatajwa kwenye Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, na likarudi Kalenga tarehe 9 Julai 1954, Gavana Twining akilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wake. Omba ruhusa yake peke yake, kwa maneno yake, kwa mhifadhi, na familia ishirikishwe kama mhifadhi ataelekeza hivyo. Jibu likiwa hapana, usirudie kuuliza. Kijitabu chako kinahusu silaha, kitasimama bila picha hiyo. Na mkiwa ndani ya chumba kile, wanafunzi wavue kofia na washushe sauti.

Jingine dogo: kwenye picha za kuchapisha, funika namba kamili ya bunduki za risasi, na usionyeshe kufuli, milango wala mpangilio wa stoo. Makumbusho wapewe picha kamili, umma upewe zilizofichwa namba.

Binti_Mafinga

Samahani, nje kidogo ya mada. Kuna gobore kwa babu, limening'inia jikoni kwenye moshi miaka mingi. Naweza kulipiga picha kwa njia hizihizi?

Fundi_Mtambo

Usilishushe, dada. Umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na gobore ni silaha hata likiwa la babu. Mzee kama hana kibali, azungumze na mtendaji wa kijiji waende pamoja kituo cha polisi waeleze, bila kulibeba barabarani. Lililoning'inia juu ya moto ndilo la kuogopa zaidi, moshi unakausha baruti kama imo. Akitaka litunzwe kama kumbukumbu ya ukoo, aulize hapohapo polisi kuhusu kulikabidhi makumbusho, na aandike jina la fundi aliyelitengeneza kama bado analikumbuka.

Mwanakihesa

Sawa wakuu. Barua naipeleka Jumatatu. Nimeomba siku mbili, vitu 12 kila siku, kuanzia saa mbili asubuhi, mwezi wa saba.

Lenzi_ya_Uyole

Vitu 12 sawa. Ila saa mbili asubuhi mwezi wa saba Iringa ni baridi kali, na ukitoka na kamera ya baridi kwenye pikipiki ukaingia chumba chenye watu na taa, kioo cha lenzi kinatoa ukungu, na ndani ya lenzi pia. Usiufute. Iache kamera ndani ya begi lililofungwa zipu dakika 30, na muda huo mpange meza, mnawe mikono, mhakiki namba za usajili moja moja na mhifadhi. Betri nazo kaa nazo mfuko wa ndani wa koti, baridi inazimaliza. Beba mbili za akiba, maana kwa picha za sekunde 3 moja haifiki saa sita.